TAHADHARI: "Mto Mara kwenda na kurudi siku moja" inayouzwa kwa vikundi vya wanafunzi

Viongozi wa klabu na wawakilishi wa madarasa, someni hili kabla hamjaanza kuchangisha. Bango la aina hii huzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya vyuo vya Nairobi: basi, chakula, kiingilio, na nyumbu wakivuka mto, "uhakika". Neno hilo la mwisho peke yake linatosha kumkataa muuzaji. Msimu wa kuvuka ni Julai hadi Oktoba, na hata mwezi Agosti nyumbu hawana ratiba. Kundi laweza kujazana ukingoni saa tatu nzima, wa mbele akanusa maji, akasita, kisha wote wakageuka kurudi majanini. Anayewauzia tarehe ya Machi anawauzia viboko na mamba. Nao wanapendeza, ila sio walio kwenye bango.

Pigeni hesabu ya muda. Mkiondoka Nairobi saa kumi alfajiri na kusimama Narok kwa chai, basi litafika lango la Sekenani, la kuingilia Hifadhi ya Masai Mara, kwenye saa nne. Watu hamsini kukaguliwa vitambulisho na kulipiwa, saa tano. Kutoka langoni hadi mtoni ni barabara ya vumbi, zaidi ya saa moja kwa basi. Lango hufungwa saa kumi na mbili jioni, lakini mkingoja hadi hapo mtaingia Nairobi usiku wa manane. Kwa hiyo mnanunua saa mbili hivi za kukaa mtoni, basi. Asiyewaambia hivyo anaficha.

Kiingilio ndipo pesa nyingi hupotelea. Muuzaji atawatumia picha ya "risiti ya KWS", yaani ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya. KWS haiuzi tiketi za Masai Mara! Hifadhi iko chini ya Kaunti ya Narok, na upande wa magharibi wa mto, Mara Triangle, husimamiwa na Mara Conservancy. Risiti yenye nembo ya KWS kwa safari hii ni karatasi tu. Mara nyingi ukweli hujulikana langoni, abiria wote wakiwa ndani ya basi: "kiingilio hakikuwemo", na gari lenyewe linadaiwa ada yake. Kama mna wanafunzi wa kigeni wasio wakazi, ulizeni bei yao kando. Mtu mzima asiye mkazi hulipa dola 100 kuanzia Januari hadi Juni na dola 200 kuanzia Julai hadi Desemba, kwa saa 12. Bei moja kwa wote maana yake kuna mtu atakayeongezwa deni pale pale.

Basi nalo. Basi la shule au la kanisa lililokodishwa kimyakimya huwa halina bima ya kubeba abiria wa kulipa. Angalieni stika kwenye kioo cha mbele, aina ya bima na tarehe. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa Mara hunasa matairi ya basi lenye tumbo la chini, na hakuna wa kulivuta bure. Dereva akijua hilo hugeuzia njiani, huwaonyesha Mto Talek na kusema ndio Mara. Talek ni tawi lake tu.

Kabla ya kutuma kianzio, ombeni leseni ya mwaka huu kutoka Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii (TRA), nambari ya usajili wa basi, na mchanganuo ulioandikwa: usafiri, kiingilio cha kila mtu, ada ya gari, chakula. Lipeni kwa Paybill yenye jina la kampuni iliyo kwenye leseni. "Paybill ina shida leo, tuma kwa namba yangu" ndiyo mlango wa wizi. Kiingilio kilipeni wenyewe.

Kama pesa imeshakwenda kwa namba ya mtu, tumeni ule ujumbe wa M-Pesa wa malipo kwa 456, namba ya Safaricom ya kuomba pesa irudishwe, papo hapo, kabla aliyeipokea hajaitoa, kisha mpige ripoti kituo cha polisi na kuchukua namba ya OB (kitabu cha matukio). Lile grupu la safari msilifute wala msitoke. Picha za bango na ahadi zake mtazihitaji kituoni.