Iliyomalizika au boma: nyumba mpya pembezoni mwa Kampala

Huko Kira, Namugongo na Gayaza utaonyeshwa nyumba mpya za aina mbili: iliyomalizika, na boma lenye kuta na paa tu.

Kwa bei ya siku ya kwanza boma linashinda. Ila vigae, milango, nyaya na rangi vitakula fedha taratibu, na fundi asiposimamiwa hula zaidi.

Kwenye ubora, mimi naliamini boma: nyufa, matofali na njia za mabomba huonekana wazi. Rangi mpya huficha mengi. Ndiyo maana iliyomalizika ikaguliwe Aprili au Novemba, mvua ikinyesha. Kagua dari, nusa unyevu kabatini, tazama maji ya uani yanaelekea wapi na kama barabara ya murram inapitika. Fungua mabomba yote kwa pamoja.

Kwenye hati hakuna mshindi. Wakiso, wilaya yenye maeneo haya, ina ardhi nyingi ya mailo (umiliki wa kudumu wa ardhi huko Buganda), na mwenye kibanja, yaani anayekaa au kulima kwenye ardhi hiyo bila hati yake, anaweza kuwa na haki ambazo muuzaji hakukutajia.

Anayelipa kodi ya nyumba Ntinda, mtaa wa Kampala, huku ana watoto wa shule, iliyomalizika itampumzisha. Mwenye kipato cha polepole na ndugu wa kusimamia mafundi, achukue boma. Anayefanya kazi Dubai bila msimamizi, asilijaribu.