Waliniambia "imeidhinishwa na London", nikaomba kuona

Nyota moja kwa shule hii ya baleti ya Kilimani, na hiyo ni ya soja wa getini. Yule mzee alimshika binti yangu mkono siku ile ya mvua akamvusha kwenye maegesho, "pole pole, mami, hapa panateleza", akarudi kwenye kibanda chake bila kungoja asante. Wengine wote huko juu ghorofani, kuanzia mkurugenzi hadi dada wa mapokezi, wakagawane sifuri.

Bei, saa za madarasa na rangi ya sare mtavikuta kwenye kipeperushi chao. Mimi nina neno na fremu moja tu.

Fremu yenyewe inaning'inia mapokezi, juu kidogo ya meza, pale ambapo macho ya mzazi anayesubiri lazima yatue. Ndani kuna cheti chenye nembo na jina Royal Academy of Dance kwa herufi kubwa. Chini yake shule imebandika maneno yake yenyewe, ya rangi ya dhahabu: "Shule iliyoidhinishwa na London." Kipeperushi kinaimba wimbo huo huo. Hata meseji ya WhatsApp ya kudai ada inamalizia hivyo hivyo. Na ndicho kilichonivuta, sina haja ya kuficha. Sisi tunakaa South B. Kutoka huko hadi Kilimani Jumamosi asubuhi, na Ngong Road ilivyo, si jambo la kufanya kwa kupenda tu. Madarasa ya dansi mtaani kwetu yapo. Niliyaruka kwa sababu ya London.

Sasa, siku moja foleni ya mapokezi ilikuwa haisogei na simu yangu imeisha chaji. Nikaanza kukisoma kile cheti, yale maandishi madogo ambayo hakuna anayehangaika nayo. Grade 3. Pass. Na jina la mtu ambaye si mwalimu yeyote niliyewahi kumwona pale.

Royal Academy of Dance ni chama cha London kilichoanzishwa mwaka 1920. Kina mitihani ya watoto inayoanzia Pre-Primary, ambayo mtoto anaweza kuufanya akiwa na miaka 5, kisha Primary, kisha Grade 1 kupanda hadi Grade 8. Grade 3 basi ni mtihani wa mwanafunzi mdogo. Cheti kile kinatuambia kwamba kuna mtoto, mahali fulani, aliyefaulu Grade 3. Hongera zake, na Mungu ambariki. Lakini kuhusu shule hakisemi kitu, na kuhusu anayemfundisha binti yangu hakisemi kitu. Tena Pass ndiyo daraja la chini la kufaulu, juu yake kuna Merit na Distinction. Yaani hata cha kujipamba nacho hawakutafuta kizuri.

Na hapa ndipo wazazi wengi tunapopigwa chenga. Anayesajiliwa na chama hicho ni mwalimu. Mtu, mwenye jina lake, aliyesomea kufundisha, anayelipia uanachama na kutakiwa kuendelea kujinoa. Asiyesajiliwa hana ruhusa ya kuwaingiza watoto kwenye mitihani hiyo. Wala si siri ya serikali: walimu waliosajiliwa wanatafutika kwenye tovuti ya chama chenyewe, hata ukiwa ndani ya matatu. Niliandika Nairobi, nikapitia majina. Hakuna hata moja la watu wa pale.

Basi nikauliza. Kwa adabu kabisa, jamani, maana najijua.

"Dada, samahani. Mwalimu wa darasa la watoto amesajiliwa kwa jina gani?"

Akatazama fremu, akanitazama, akairudia fremu. "Si ndiyo hiyo?"

"Hiyo ni ya mwanafunzi."

Akaenda kumwita mkurugenzi. Mkurugenzi akatoka na simu sikioni, akaniinulia kidole nisubiri, akaendelea na habari zake za vigae vya bafuni hadi zikaisha. Halafu akanipandisha, akanishusha.

"Mzazi, kuna shida?"

Nikarudia swali langu.

"Mzazi, sisi hapa tunalea vipaji. Mambo ya makaratasi hatufanyi."

"Lakini karatasi mmeitundika nyinyi."

Mama mmoja nyuma yangu alicheka, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichomuudhi kuliko swali lenyewe. Akapandisha sauti: kama siamini shule, watoto wanaosubiri nafasi ni wengi, na ada hairudishwi, nilitia sahihi. Yote haya mbele ya binti yangu, aliyesimama na kibegi chake mgongoni na viatu mkononi, akinivuta nguo. Miaka minane. Akaninong'oneza, "Mama, wacha tu."

Nimewahi kuuziwa nguo yenye tundu Gikomba nikacheka na muuzaji tukaachana kwa amani. Hili la mtoto kuniomba ninyamaze kwa sababu ya swali halali halijanitoka. Kila nikipita Yaya Centre, karibu na shule, nakiona kidole cha yule mkurugenzi kikiwa hewani.

Kile kidole, ee!

Haya, niwatendee haki kidogo. Kuna kijana anayefundisha Jumamosi. Huyo simtaji kwa jina, nisije nikamkosesha kazi. Baleti aliianzia Kibera, kwenye darasa la kawaida la shule, madawati yakisukumwa pembeni jioni. Nilimkuta kwenye ngazi nikamuuliza lile lile nililomuuliza bosi wake. Akajibu bila kupepesa macho: hajasajiliwa, mitihani ameifanya kama mwanafunzi na bado anaendelea kupanda, na ualimu angependa kuusomea akipata wa kumlipia. Basi. Ilimchukua muda mfupi kuliko ule ambao bosi wake alihitaji kumaliza habari za vigae.

Na kazi yake unaiona. Watoto wakisimama visigino pamoja, vidole nje, wengi huzungusha nyayo tu ili wapendeze, huku magoti yametazama mbele. Yeye huchuchumaa, akaweka vidole viwili juu ya goti la mtoto, akamwonyesha goti linatazama wapi na dole gumba linatazama wapi. Halafu anajigonga nyonga yake mwenyewe: "Geuza kuanzia hapa. Huku chini hakuna funguo." Binti yangu sasa anarudia maneno hayo akiwa ameshika sinki la jikoni, ananitangazia na mimi nirekebishe magoti yangu nikikoroga ugali. Mtoto mnene wa darasa lile hajawahi kusikia neno baya kutoka kwake. Na dakika za mwisho anawaachia isukuti, ngoma ya Waluhya, wanatoka jasho, wanatoka wakicheka. Hapo, kwa kweli, nilikuwa tayari kufuta malalamiko yangu yote. Nyota tatu. Nne hata, ukinikuta siku nzuri.

Kisha ikaja meseji ya viatu.

Wazazi wote wa kundi la watoto, meseji ilisema, wanunue vile viatu vya ncha ngumu, vya kusimamia ncha za vidole, kwa ajili ya onyesho la Desemba. Vinapatikana mapokezi. Sababu? "Ili picha zitoke za kimataifa." Kundi lenyewe ni la watoto wa miaka saba hadi tisa, wanaocheza mara moja kwa wiki!

Hapo sikuuliza mtu kwa adabu. Mifupa ya mtoto wa umri huo bado inakua. Karibu na ncha zake kuna sehemu laini ambazo hazijakomaa, na unataka kuuweka uzito wote wa mwili juu ya vidole? Chama cha kimataifa cha tiba na sayansi ya dansi, IADMS, kina mwongozo ambao mtu yeyote anaweza kuusoma: si kabla ya miaka 12. Mtoto anayecheza mara moja tu kwa wiki ashauriwe aachane navyo kabisa. Anayecheza mara mbili kwa wiki tangu akiwa na miaka 8, na mwili wake hauna kasoro ya kumzuia, aanze mwaka wa nne wa mafunzo. Na hao Royal Academy of Dance wenyewe? Mtihani wao wa kwanza wenye kusimamia ncha za vidole ni Intermediate Foundation, na hauruhusiwi kabla ya miaka 11. Hiyo London waliyoitundika ukutani ndiyo inayowakataza, na hawajui, kwa sababu hakuna aliyewahi kusoma kinachofuata baada ya nembo.

Viatu vyenyewe vimepangwa kwenye rafu chini ya fremu kwa saizi za kawaida, kama ndala. Viatu vya aina hii hupimwa mguu kwa mguu, upana wake, urefu wa vidole, nguvu ya unyayo. Dada wa mapokezi aliniuliza tu, "Anavaa namba ngapi shuleni?"

Yule kijana alipinga, nilisikia. Aliambiwa kazi yake ni kufundisha. Sasa kwani hicho alichosema kilikuwa nini?

Sakafu nayo nitaipitia haraka. Wanasema ni "sakafu ya viwango". Ipige kisigino usikie: ni zulia la plastiki juu ya saruji. Sakafu ya dansi inatakiwa iwe na mnepo, mbao zenye nafasi chini yake, la sivyo kila mruko unarudi kwenye miundi na magoti ya mtoto. Kijana analijua hilo, ndiyo maana watoto wake hawaruki sana.

Picha ndizo zilinimaliza. Nilipofungua ukurasa wao kutazama hilo onyesho la kimataifa, nikakutana na uso wa binti yangu, mkubwa, chini yake pameandikwa "mwanafunzi wetu wa viwango vya London". Hakuna aliyeniuliza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inahesabu kuwa ni udanganyifu kudai huduma ina idhini ambayo haina. Nilimwandikia mkurugenzi yote mawili, kwa utaratibu, bila matusi. Akanijibu kwa emoji ya mikono iliyounganishwa. Hata neno moja hakuongeza. Picha waliiondoa kesho yake, nawapa hilo. Maneno ya dhahabu bado yapo.

Mkienda kutafutia mtoto shule ya dansi, hapo au kwingine, ulizeni jina la mtu. "Tuna uhusiano na", "tunafuata mtaala wa", "walimu wetu wamesomea nje", yote hayo ni hewa mpaka mtu mmoja mwenye jina asimame. Ulizeni anayefundisha darasa la mwanangu ni nani, cheti chake ni cha kufundisha au cha kufanya mtihani, na ni nani aliyewahi kuingiza watoto kwenye mtihani kutoka hapa. Ulizeni pia cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Kinaombwa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, hakuna mtu mzima anayekaa na watoto wenu anayeshindwa kukipata. Mimi nilipokiuliza niliambiwa "wote hapa ni watu wa Mungu". Na angalieni wanavyolipokea swali. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na huyu alikuwa anajitembeza hadi kwenye meseji za ada.

Sasa niwaambie msiende? Binti yangu hataki kuhama. Jana amenionyesha goti lake kwa fahari, limetazama pale linapopaswa kutazama, na hilo hakufundishwa na fremu. Kwa hiyo nendeni Jumamosi, saa ya yule kijana, muingie mkitazama chini mpite mapokezi. La, hapana. Msiende. Mkienda mtamlipa yule yule wa kidole, na kijana atabaki na nauli. Nilimuuliza kama anafundisha kwingine, akacheka akasema mkataba wake haumruhusu. Mkataba wanao, kumbe! Makaratasi hayo wanayafanya.

Nyota mbili basi, soja na mwalimu, kila mtu na yake. Muhula ukiisha nitaona. Viatu sinunui, na tiketi ya kiti cha mbele cha Desemba wakamuuzie mwingine.