Santuri za rock, country na blues: kabla hujalipa, uliza zilirekodiwa mwaka gani

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani nimekumbatia santuri ya vibao vya rock and roll vya miaka ya hamsini. Shilingi 3,500, jalada zima, sahani inang'aa. Baba akavuta kiti karibu na spika. Wimbo wa pili haujafika kiitikio, akatikisa kichwa: "Mama, ni yeye huyu, lakini si siku ile."

Nikalipeleka jalada dirishani. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi, palikuwa na maelezo kwamba nyimbo hizo zimerekodiwa upya na waimbaji wenyewe. Nikampigia muuzaji. "Lakini dada, si ni sauti yake?"

Ni yake, ndiyo, imeongezewa miaka, bendi nyingine na studio nyingine.

Kwa hiyo leo sitaki kusikia habari za mikwaruzo wala namna ya kusafisha sindano. Hayo yameandikwa hadi yamechosha. Ugomvi wangu ni na marudio.

Chanzo chake ni biashara tu. Mwimbaji akihama kampuni, rekodi za zamani zinabaki kule alikotoka. Kampuni mpya nayo inataka kula kwa vibao vile vile, basi inamrudisha studio. Chuck Berry alitoka Chess ya Chicago akaenda Mercury, na mwaka 1967 ikatoka Golden Hits, karibu yote marudio. Jerry Lee Lewis aliiacha Sun ya Memphis, akavirudia vibao vyake Smash. Little Richard alivirudia vya Specialty akiwa Vee-Jay, nao Everly Brothers wakavirudia vya Cadence walipofika Warner. Hawa watatu walifanya marudio yao katikati ya miaka ya sitini. Ukiona jalada limeandikwa "Golden" au "Very Best", usitoe pesa kabla hujaligeuza.

Mwaka wa kutafuta ni ule wa kurekodi. Ule wa kuchapishwa santuri haukusaidii. Kisha angalia lebo: Chuck Berry wa 1958 ni wa Chess au wa kampuni iliyopewa ruhusa ya kutumia rekodi za Chess. Na jalada likijigamba kwamba wimbo wa 1955 ni stereo, yaani sauti tofauti katika kila spika, shtuka. Huenda ni marudio, au ni mono, yaani sauti ile ile katika spika zote, iliyochezewa kwa mitambo ili sauti ionekane imetawanyika. Mimi mono hainisumbui hata kidogo.

Kwenye country kuna balaa la pili, la kuwapigia marehemu ala mpya. Mwimbaji Hank Williams alifariki Januari 1, 1953. Baadaye kampuni yake, MGM, ikamwekea vinanda vya nyuzi ambavyo hakuwahi kuvisikia. Jim Reeves, yule wa Jumapili asubuhi kwa akina baba zetu, alikufa katika ajali ya ndege Julai 1964. Kampuni yake, RCA, haikumwacha apumzike. Mwaka 1981 sauti zao za zamani zikaunganishwa, "akaimba" pamoja na mwimbaji Patsy Cline, aliyekufa 1963.

Sasa orodha yangu ya kununua.

Ya kwanza ni kampuni ya Bear Family ya Ujerumani, chochote chao. Nawapendelea na sifichi. Kila kasha linakuja na kitabu kinachokuambia tarehe, studio na nani alipiga gitaa, yaani lile swali langu limejibiwa kabla sijauliza. Kasha lao la Jim Reeves lina CD 16. La Jimmie Rodgers lina sita, na hilo ndilo ninaloliwekea akiba. Rodgers, mwimbaji wa country, alianza kurekodi Bristol ya Marekani mwaka 1927, akafariki 1933, na santuri zake zikafika hadi kwa Wakipsigis, wakamwita Chemirocha. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alirekodi wimbo wao huo wa Chemirocha mwaka 1950. Mimi mjukuu wa huku huku, nitakosaje kasha lake?

Ya pili, The Great Twenty-Eight ya Chuck Berry, iliyotoka 1982. Nyimbo 28, zote za Chess, hakuna marudio. Kama una pesa ya santuri moja tu ya rock and roll, nunua hii uende zako.

Ya tatu ni blues: The Best of Muddy Waters ya 1958, kisha King of the Delta Blues Singers ya Robert Johnson, ya 1961. Huyu Johnson hatari ya marudio haimgusi kabisa. Alirekodi nyimbo 29 tu, San Antonio na Dallas, 1936 na 1937, akafa 1938.

Ya nne, Here's Little Richard, Specialty, 1957. Nakala iliyochapishwa upya inatosha.

Zile CD za "nyimbo 50 za dhahabu" za bei ya soda? Za kusikiliza kwenye gari.

Na bei! Wauzaji wetu wamegundua kwamba vijana wanapenda santuri za ukutani, basi kila sahani iliyochakaa imekuwa "adimu". Ukiomba isikilizwe kidogo, mashine imeharibika. Ukiuliza mwaka wa kurekodi, unaonyeshwa picha ya jalada. Ile yangu ya 3,500 nilijaribu kuirudisha. Nikaambiwa haina kasoro, haikwaruzi hata mahali pamoja, na kama siitaki kuna mtu ataichukua kwa 1,000.