Uzoefu wangu: akili unde wakati shirika limepata dharura

Ninasimamia uendeshaji katika shirika linalotoa huduma kwa njia ya mtandao, na tumekuwa tukitumia programu ya akili unde kila mambo yanapoharibika. Ninaipendekeza, hasa kabla ya dharura kutokea.

Kwa mazoezi, tuliipa mkasa wa 19 Julai 2024, sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, lilipozima takriban kompyuta milioni 8.5 za Windows duniani, tukaiambia ichukulie yametufika sisi. Haikutupa majibu. Ilituuliza: namba za simu za wafanyakazi mtazipata wapi kompyuta zikiwa zimezima? Mkurugenzi akiwa angani, nani mwenye mamlaka ya kusimamisha huduma? Mpango wa dharura mtausomea wapi ikiwa umehifadhiwa kwenye seva hiyohiyo iliyoanguka? Tulibishana mchana kutwa, na ubishi ule ulitufaa kuliko semina yoyote niliyohudhuria.

Siku mfumo wa malipo ulipokwama kweli, ilichambua malalamiko haraka mno. Waliokatwa pesa mara mbili walitengwa na waliokosa risiti tu, tukawashughulikia wa kwanza kwanza.

Tatizo lilikuja kwenye taarifa kwa wateja. Iliandika kwamba huduma ingerejea ndani ya saa 2, na hakuna aliyeiambia hivyo! Tuliinasa kabla haijatoka. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu saa za mwanzo za dharura huwa hakuna ajuaye chanzo, nayo programu huliziba pengo hilo kwa maneno ya uhakika. Na ahadi ikishatoka ni yenu. Februari 2024 baraza la madai la British Columbia, Kanada, liliiamuru Air Canada imlipe fidia abiria aliyepotoshwa na roboti ya mazungumzo ya tovuti yake kuhusu nauli nafuu ya wafiwa. Hoja ya kampuni kwamba roboti ile inawajibika yenyewe ilikataliwa.

Kwa hiyo kwetu taarifa sasa huandikwa na mtu: tunachokijua, tusichokijua bado, na saa tutakayotoa habari nyingine. Programu tunaipa iitafutie kasoro. Majina na namba za akaunti tunayafuta kabla ya kuipa chochote.

Intaneti ikikatika, programu nayo haipatikani. Orodha ya simu na mpango wa dharura vichapisheni kwenye karatasi.