Kinyozi wa viti viwili, Ujiji

Ujiji hapa hakuna anayechonga ndevu akamshinda huyu bwana. Ila kama una haraka, nenda kwa mwingine.

Banda lenyewe liko kando ya barabara ya vumbi, hatua chache kutoka sokoni. Jina la ubaoni limeliwa na jua, na mimi sitaliandika kwa sababu yamo humu atakayoyanunia. Ndani mna viti viwili. Cha dirishani ni cha mwenyewe, cha ukutani amempangisha kijana anayemkabidhi hesabu kila jioni. Kioo ni kimoja, kirefu, kimepasuka pembeni, wanagawana. Redio ni ya mwenyewe, na kufuli la mlango ni la mwenyewe.

Kipara na ndevu nalipa 3,000. Wembe unafunguliwa mbele yako, mashine inapigwa spiriti mpaka pua inawasha, na shuka la shingoni halinuki jasho la mteja aliyetangulia. Mimi nikinyolewa ovyo hutoka vipele hadi naona haya kwenda msikitini, lakini kwa huyu miaka yote sijatoka hata kimoja. Kijana ana mkono mzito kidogo kwenye kisogo, ila mstari wa ndevu anaunyoosha kama uzi wa fundi ujenzi.

Kasoro ni siasa. Wote wawili ni watu wa zambarau, chama cha ACT-Wazalendo, na mimi pia, tangu 2015 Zitto Kabwe, kiongozi wetu wakati ule, alipochukua ubunge wa Kigoma Mjini. Ungedhani watu wa chama kimoja watanyoa kwa amani.

Basi ilikuwa Jumanne, tarehe 8 Desemba 2020. Mwaka ule ulituchapa. Oktoba jimbo lilikwenda, halmashauri ikaenda, watu tunasalimiana kwa kuguna. Nimekaa kiti cha dirishani, upande wa kulia umeshanyolewa, wa kushoto bado, redio ikatangaza kwamba Maalim Seif, kigogo wetu wa Zanzibar, ameapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar. Mwenyewe akazima mashine.

"Alhamdulillahi," akasema.

"Alhamdulillahi ya nini, kaka?" Kijana alikuwa na povu mkononi. "Wiki sita nyuma mlituambia ule haukuwa uchaguzi. Leo tunakula na CCM sinia moja?"

Darasa likaanza hapo, kichwa changu nusu. Na kwa haki yake, mwenyewe alieleza vizuri kuliko redio. Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ya mshindi na mpinzani kukaa pamoja, alisema, si fadhila ya mtu. Imo kwenye Katiba ya Zanzibar tangu 2010, na Wazanzibari waliipigia kura ya maoni Julai mwaka ule, thuluthi mbili hivi wakasema ndiyo. Chama kilichoshika nafasi ya pili, kikifikisha asilimia 10 ya kura za urais, ndicho kinachotoa Makamu wa Kwanza. Maalim alitangaziwa 19 na ushei, Dk. Mwinyi wa CCM, aliyepewa urais, 76. Wizara mbili ziliachwa wazi tangu Novemba zikisubiri watu wetu. "Tukisusa, nani ataumia? 2016 CUF, chama cha Maalim wakati ule, walisusia uchaguzi wa marudio. Wakakaa nje mpaka juzi hapa."

Kijana hakuyumba. "Na watu wetu waliozikwa Pemba uchaguzi huu wamepewa wizara gani?"

Hapo hata bodaboda aliyekuwa mlangoni akishika simu aliishusha. Mwenyewe akatazama sakafu, akaanza kufagia nywele ambazo hazikuwepo.

Aliyetuokoa ni babu mmoja ambaye huja kusoma gazeti tu, kwani hana unywele wa kunyoa. "Nyie mnagombania pilau ya Unguja," akasema. "Ujiji imeletewa nini?"

Mimi swali la babu ndilo nililoondoka nalo. Chama kina wenyewe Pemba, kina wenyewe huku. Maalim na watu wake walipohamia kwetu kutoka CUF Machi 2019 kwa lile neno lao la "shusha tanga, pandisha tanga", sisi watu wa ziwa tulilipenda mno, tanga tunalijua. Lakini umoja ule unaishia Zanzibar. Katiba ya Muungano haina kitu hicho, huku bara aliyeshinda anabeba chote hadi ufagio wa ofisi ya kata. Kwa hiyo mwanachama wa Pemba angalau alipata waziri wa kumpigia kelele. Wa Ujiji alipata kazi ya kujibu kejeli za jirani wa kijani, mtu wa CCM, kibarazani, kuhusu serikali ambayo haitamchimbia hata mtaro.

Nikitaka kulisema hilo, umeme ukakatika. Kigoma enzi hizo tulikuwa na umeme wa majenereta, gridi ya taifa tunaisikia tu, na ukikatika huulizi unarudi lini. Nilikuwa na mzigo wa dagaa Kibirizi unaosubiri kupakiwa. Nikavaa kofia, nikaenda hivyo hivyo. Upepo wa ziwa ukaivua mbele ya akina mama wanaoanika. Mmoja akanitazama kulia, akanitazama kushoto: "Baba, leo umenyoa umoja wa kitaifa!" Jina hilo lilinikaa mpaka Pasaka.

Nilirudi kesho yake, akamalizia, na hela hakuchukua. Hilo nalo liandikwe.

Tarehe 17 Februari 2021 Maalim alipofariki nilipita pale. Redio ilikuwa chini kabisa, na aliyekuwa na macho mekundu ni kijana, yule yule wa sinia moja. Machi 2 akaapishwa mahali pake Othman Masoud, aliyewahi kuondolewa uanasheria mkuu wa Zanzibar mwaka 2014 baada ya kupiga kura za hapana kwenye Bunge la Katiba. Kijana akakubali kwamba huyo angalau ana historia ya kukataa. Siku ya pili wakaanza upya, maana sasa mjadala ukawa mtu wa kukataa anafanya nini ndani.

Mwaka jana nilimuuliza kijana kwa nini hafungui banda lake, mkono anao. Akapangusa wembe. "Mzee wangu, hapa nanyoa, wateja ninao, kioo tunachangia. Ila akifunga yeye, nami nimefunga."

"Lakini unakula," mwenyewe akadakia kutoka dirishani.

"Ninakula ndiyo. Sijasema sili."

Wakacheka wote wawili, nami nikakaa kimya kwa sababu nilikuwa na wembe kooni.

Nyota nne kati ya tano, ya tano niliiacha Kibirizi na kofia yangu. Ukitaka kuwahi, kaa kiti cha ukutani, kijana hubishana huku mkono unafanya kazi. Nenda kabla ya taarifa ya habari ya saa saba. Na Ijumaa mchana usihangaike, kufuli liko mlangoni.