Mipira ya upana gani kwa rimu za spoti? Chaguo za Toyota IST kwa barabara za Unguja na Pemba

Kabla hujauliza bei ya mpira, igeuze rimu uisome kwa nyuma. Kwenye mkono mmojawapo, au karibu na matundu ya nati, pamepigwa chapa kama 15x6.5J 4x100 ET38. Hiyo 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na 4x100 ni matundu manne ya nati kwenye duara la milimita 100; ET tutaieleza chini. Hiyo 6.5J ndiyo upana wa rimu kwa inchi, na ndiyo inayoamua mpira gani uingie. Chapa ikiwa imelika, pima kwa tepu, lakini pima ndani ya kingo, pale mdomo wa mpira unapokaa. Ukipima ukingo wa nje hadi wa nje utapata kama inchi moja ya ziada, na utanunua mpira mpana kuliko rimu inavyoweza kuubeba.

Mpira mpana kwenye rimu nyembamba hufura mbavu na gari huyumba kwenye kona. Mpira mwembamba kwenye rimu pana huvutika, ukingo wa rimu hubaki wazi bila kinga, na ukiingia shimoni mdomo unaweza kuachia upepo wote kwa mpigo.

IST nyingi zilitoka kiwandani na 185/65R15, yaani upana wa milimita 185, ubavu wa asilimia 65 ya upana huo, na rimu ya inchi 15. Hakikisha yako kwa kusoma kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Mpira huo una kimo (kipenyo chote, juu hadi chini) cha milimita 621 hivi, na ubavu wa 120. Chaguo zote hapa chini zimepimwa kwa vipimo hivyo.

La kwanza ni 195/60R15 kwenye rimu ya 6J au 6.5J. Kimo kinapungua asilimia 1 tu, ubavu unabaki 117, na namba ya mzigo kwa kawaida ni ileile 88, yaani kilo 560 kwa kila mpira. Unapata milimita 10 za upana, gari inakaa vizuri zaidi, na bado kuna nyama ya kutosha kati ya shimo na rimu. Kwa anayeishi mjini na kwenda shamba mara mojamoja, hatuoni sababu ya kupita hapa.

La pili ni kubaki na 185/65R15 kwenye rimu ya 6J. Haijazi digadi kama unavyotaka, lakini kwa gari ya kazi inayoingia kila siku njia za mawe za Makunduchi au Micheweni, hili ndilo lipande likae la kwanza. Jiwe la matumbawe lina makali. Ubavu mrefu hukunja na kurudi, mfupi hukatika nyuzi za ndani, na kesho yake unakuta uvimbe kama yai.

La tatu, 195/55R16 kwenye 6J au 6.5J. Kimo karibu sawasawa na cha kiwandani, kwa hiyo mshale wa spidi hausemi uongo. Ubavu ni 107, basi punguza mwendo kwenye matuta.

La nne, 205/50R16 kwenye 6.5J au 7J. Inapendeza, lakini kimo kinashuka hadi 611. Gari inakuwa chini kidogo, na mshale ukionyesha 100 unakwenda kama 98. Masika mpira mpana nao huelea juu ya maji mapema zaidi, hasa kashata (meno ya mpira) zikishalika.

La tano, 205/45R17 kwenye 7J. Ubavu ni milimita 92 tu. Ukiipenda kweli, tafuta yenye 88 XL (XL ni mpira ulioimarishwa kubeba mzigo zaidi), maana ya 84 hubeba kilo 500 tu, chini ya ile ya kiwandani. Na uwe na fundi wa kunyoosha rimu, utamhitaji.

Mipira ya kuvutwa, mfano 195/45R16 kwenye rimu ya 8J, hatuiweki kwenye orodha. Upana wa mwisho wa rimu kwa mpira huo ni 7.5J.

Sasa ET, yaani umbali kwa milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaofungwa kwenye gari, ambayo ndiyo inayowaumiza wengi. Namba hiyo ikishuka, rimu inatoka nje. Ukitoa 6J yenye ET45 ukaweka 7J yenye ET38, ukingo wa nje unatoka milimita 20 hivi, na wa ndani unasogea 6 kuelekea shokapu. Kwa hiyo usilipie mipira minne kwa pamoja. Funga mmoja mbele na mmoja nyuma, pakia watu wanne, zungusha usukani hadi mwisho kulia na kushoto, kisha ingiza kidole kati ya mpira na shokapu, na kati ya mpira na digadi. Kisipopita, rudisha.

Haba ya IST, yaani kitovu ambacho rimu hukaa juu yake, ina milimita 54.1, na tundu la katikati la rimu nyingi za spoti lina 73.1. Nunua ringi nne za kujazia, la sivyo usukani utatetemeka hata baada ya kubalansi. Nati za rimu ya kiwandani zenye washa bapa zisitumike kwenye tundu la koni. Nunua za koni, kaza kwa Nm 103 (kipimo cha nguvu ya kukaza nati), kisha kaza tena ukisharudi safari ya kwanza ya Nungwi.

Kwa rimu za mtumba, mwambie fundi asugue kwa brashi ya chuma pale mdomo wa mpira unapokaa. Chumvi ya pwani huila aluminiamu, na ndiyo maana upepo unapungua kila wiki bila pancha kuonekana. Mpira wa mtumba nao, soma tarakimu nne za mwisho za DOT, chapa iliyopigwa ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukizidi miaka sita, au ukiona nyufa ubavuni, uache hata kashata zikiwa nzima. Ufunguliwe pia utazame ndani, maana kiraka cha ubavuni hakionekani kwa nje.