Maabara iliyojifunza kuweka damu kwenye barafu (nyota 4 kati ya 5)

Nauza jodari na nguru hapa Malindi, kwa hiyo histamini, ile kemikali inayoleta uvimbe na mwasho, naijua kwa upande wa samaki: jodari akishinda juani, vijidudu huitengeneza ndani ya nyama, na hata umkaange akauke haitoki. Kumbe na sisi tunayo yetu damuni. Nilipoanza kuvimba uso na kuwashwa mwili bila kula samaki yeyote, daktari akaniandikia kipimo cha histamini ya damu.

Mara ya kwanza niliudhika. Kijana alinitoa damu, akaacha chupa mezani, akaenda zake chai. Majibu yakaja juu mno. Daktari akayatazama, akacheka: "Mama, hii si damu yako, hii ni meza." Chembe nyeupe ziitwazo bezofili ndizo ghala la histamini, chupa ikizembewa, huimwaga yote kwenye maji ya damu. Nikarudi maabara na maneno yangu, nao, haki yao niwape, wakanisikiliza.

Mara ya pili nilikuta beseni la barafu lishawekwa kabla sijaketi. Hata chupa yenyewe, ya kifuniko cha zambarau, ilikuwa baridi. Binti hakuvuta damu kwa pupa. Akaigeuza chupa polepole, akaizamisha barafuni, na dakika kumi hazijafika imo kwenye mashine ya kuzungushia, nayo ya ubaridi. Akafyonza maji ya juu tu, akauepuka ule utando mweupe wa katikati. "Bezofili ziko hapo, shangazi." Halafu friza, halafu ndege ya Nairobi kwenye barafu kavu. Nikajiona jodari wa kwenda ng'ambo!

Majibu: chini ya nanogramu 1 kwa mililita. Kawaida.

Nyota moja naikata. Kungoja siku kumi na mbili nimevumilia, lakini pale kaunta hakuna aliyeniambia kwamba histamini hupanda dakika chache tu baada ya mwili kushtuka kwa mzio, na ndani ya saa moja imeshashuka. Mimi nilikwenda siku niliyokuwa mzima! Yule binti ndiye aliyeninong'oneza kuwa ukichelewa uulizie triptase, kemikali nyingine ambayo mwili huitoa ukishtuka hivyo, hiyo hukawia damuni saa kadhaa, au ukusanye mkojo wa saa 24. Si wangeyabandika mlangoni?

Ukienda, wahi asubuhi, ndege haingoji chupa yako. Na ukivimba huku pumzi inabana, mwambie wa tuktuk akupeleke hospitali moja kwa moja. Damu watakutoa hukohuko.